Kuhudhuria Si Kuridhia: Bomba la Mafuta na Haki ya Mwenye Shamba

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Nina swali moja ninalotaka tulitafakari pamoja muhula huu. Mkulima ameitwa mkutanoni. Amekaa kwenye benchi, amesikiliza, amekunywa soda aliyopewa, na mwishoni ametia saini kwenye karatasi. Baadaye shamba lake limechukuliwa kwa ajili ya mradi, na kwenye ripoti imeandikwa kwamba jamii ilishirikishwa na ikakubali. Je, mkulima huyu ameridhia? Na kama hakuridhia, pesa aliyopewa inahalalisha nini?

Mtu anaweza kudhani hili ni swali la wanasheria. Kwetu sisi tunaosoma fiqhi ni swali la zamani sana. Wanazuoni wamelijadili katika milango ya biashara, ya ghasbu na ya wakfu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nataka kulileta karibu na nyumbani, kwenye mafuta ya Uganda.

MRADI WENYEWE

Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba pembezoni mwa Ziwa Albert kuna mafuta ya kutosha kuchimbwa kibiashara. Yanayoweza kutolewa ardhini yanakadiriwa kufikia mapipa bilioni 1.4. Kazi imegawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ni Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, inayoendeshwa na kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies. Ina visima zaidi ya 400, na baadhi yake vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Ya pili ni Kingfisher, katika wilaya ya Kikuube, inayoendeshwa na CNOOC ya China.

Mafuta ghafi ya sehemu hizo yamekusudiwa kupelekwa baharini kwa bomba la kilomita 1,443, kutoka Hoima mpaka rasi ya Chongoleani, Tanga. Mafuta yetu yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lote linatakiwa kupashwa moto ili yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Katika hisa za bomba, TotalEnergies ina asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda (UNOC) lina 15, lile la Tanzania (TPDC) lina 15, na CNOOC ina 8. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Tukumbuke hesabu hiyo ya hisa, maana tutaihitaji mbele.

YANATUHUSU NINI SISI?

Msomaji wa hapa Mbarara anaweza kusema: bomba halipiti kwetu. Ni kweli. Linapita mashariki yetu, kupitia wilaya kama Mubende, Gomba, Sembabule, Lwengo, Rakai na Kyotera, kisha linaingia Tanzania. Lakini naona sababu tatu za kutufanya tusinyamaze.

Ya kwanza ni maji. Mto Rwizi tunaoutegemea hapa mjini huteremka kuelekea maziwa na ardhi oevu za Mburo na Nakivale, na maji hayo mwishowe huelekea Kagera na Ziwa Viktoria. Bomba nalo linakatiza bonde hilohilo la Viktoria kwa mamia ya kilomita. Madhara yakitokea katika bonde moja, hayaulizi mipaka ya wilaya.

Ya pili ni historia yetu. Baadhi yetu tumekulia Nakivale, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Pale wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na karibu kila nyumba ina mtu anayekumbuka shamba aliloliacha. Tunalima viwanja tulivyopewa kwa ruhusa, na tunajua tofauti ya ruhusa na milki. Mtu aliyehamishwa mara moja husikia haraka pale mwenzake anapotaka kuhamishwa.

Ya tatu ni kazi. Tuseme ukweli, wengi wetu tukimaliza masomo tutatafuta ajira kwenye miradi ya aina hii au kwenye mashirika yanayoizunguka. Vijana wanaojua Kiswahili, Kinyankole, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza ndio wanaotafutwa kuwa maafisa mahusiano ya jamii na wakalimani. Kwa hiyo katika hadithi hii ya mkulima na karatasi, huenda sisi ndio tutakaoshika karatasi.

HATARI NI YA NANI?

Ukisoma nyaraka za miradi mikubwa utakutana na maneno mawili kila mahali: usimamizi wa hatari, na ushirikishwaji wa jamii. Mara nyingi yanawekwa pamoja, na hapo pana jambo la kuangalia. Hatari inayozungumzwa mara nyingi ni hatari kwa mradi: kucheleweshwa, kushtakiwa, kuandamaniwa, kunyimwa mikopo na benki. Jamii inashirikishwa ili hatari hizo zipungue. Sisemi kwamba hilo ni ovu. Mfanyabiashara ana haki ya kulinda mtaji wake. Lakini mkulima wa Buliisa ana hatari zake, na hazifanani na hizo. Hatari yake ni msimu mzima bila muhogo.

Chukua suala la tarehe ya ukomo. Wapimaji wanapomaliza kuhesabu miti na mazao, hutangazwa tarehe ambayo baada yake kitu kipya utakachopanda au kujenga hakitalipwa. Utaratibu huu una sababu yake, maana bila hivyo watu wangepanda mibuni usiku kucha ili walipwe. Tatizo hutokea malipo yanapochelewa. Kwenye njia ya bomba, wapo watu zaidi ya 3,600 upande wa Uganda walioandikishwa kuwa wameguswa, na wengi walisubiri fidia kwa miaka baada ya tarehe hiyo. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2023 jinsi familia zilivyoacha kupanda mazao ya kudumu, zikapungukiwa chakula na kushindwa ada za shule. Wakati huohuo bei ya ardhi ilikuwa inapanda. Ni kweli kwamba sheria ya Uganda inaongeza asilimia 15 au 30 kama posho ya usumbufu, na ni kweli kwamba baadhi ya familia zimejengewa nyumba mpya. Lakini muda aliosubiri mkulima aliulipa yeye mwenyewe.

Fiqhi ina kanuni mashuhuri hapa: faida hufuatana na dhamana. Anayevuna matunda ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Kanuni hii tunaifundishwa katika milango ya biashara, kwenye mnyama aliyenunuliwa na kasoro na mambo kama hayo. Mimi naona inafaa kupimia bomba. Kama faida ya kuchelewa kulipa inabaki kwa mwenye mradi, na hasara yake inakwenda kwa mwenye shamba, basi hatari haikusimamiwa. Imehamishwa tu, kutoka mgongo mpana kwenda mgongo mwembamba.

RIDHAA NI NINI?

Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inawakataza waumini kula mali za wenzao kwa batili, na inaacha mlango wa biashara inayotokana na kuridhiana pande zote. Mafakihi wakajenga juu yake mjadala mrefu. Walikubaliana kwamba ridhaa ni jambo la moyoni, na kwa kuwa moyo hauonekani, tunahitaji dalili ya nje: tamko, maandishi, kitendo. Lakini dalili si kitu chenyewe. Saini inaweza kuwepo na ridhaa isiwepo.

Ndiyo maana walijadili mambo mawili. La kwanza ni kunyamaza. Imam Shafi ananasibishiwa kanuni kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Kanuni hii ina vighairi, navyo vinahusu hali ambayo mtu alihitajika kusema na angeweza kusema hapana. La pili ni kulazimishwa, ikrahi. Anayekubali kwa kuogopa madhara ya kweli, mauzo yake hayafungi kama ya aliyeridhia.

Sasa tupime mikutano yetu. Nimewahi kukalimani Nakivale katika mikutano ya mashirika, na kuna jambo ambalo kila mkalimani wa kule analijua. Karatasi ya mahudhurio hupitishwa ili watu walipwe nauli. Mama aliyetembea kutoka kijiji cha mbali anatia dole gumba kwa sababu anataka nauli yake, na ni haki yake. Siku moja niliona ripoti ya mkutano kama huo. Majina yaleyale ya nauli yalikuwa yameambatanishwa chini ya sentensi kwamba wakazi waliafiki mpango. Hakuna aliyeongopa kwa ulimi. Karatasi ilibadilishiwa kazi tu. Nilipomweleza mzee mmoja aliyekuwepo, alicheka akasema: "Mwanangu, mimi niliafiki soda."

Kicheko cha mzee yule kina fiqhi ndani yake. Aliulizwa jambo moja, akajibu hilo, na jibu lake likatumika kwa jambo jingine.

Upande wa woga nao haufichiki. Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala walipokuwa wakiandamana kupinga bomba. Kesi yao ilifutwa mwaka uliofuata. Mtu anaweza kutokubaliana na wanafunzi wale katika kila hoja waliyoitoa. Lakini mkulima wa kijijini aliyesikia redioni kwamba wasomi wa mjini wamefungwa kwa kusema hapana, tukimkuta kimya mkutanoni, tutauhesabu ukimya wake kuwa nini?

MISIKITI MIWILI YA UMAR

Hapa atasimama ndugu mmoja aniambie: unasahau maslaha ya umma. Kama kila mwenye nusu ekari anaweza kuzuia barabara, nchi haitajengwa. Na dini yetu inampa mtawala haki ya kuchukua.

Hoja hii ni nzito, na ushahidi wake ni mzito. Wanahistoria kama Tabari na Baladhuri wanaeleza kwamba mwaka wa 17 Hijria, Sayyidna Umar (R.A.) aliupanua Msikiti Mtukufu wa Makka. Alinunua nyumba zilizouzunguka. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilibomolewa, na thamani yake ikawekwa katika hazina mpaka walipokuja kuichukua.

Anayefuatilia habari za hapa nchini ataona mfano uliokaribia sana. Desemba 2023, katika kesi iliyofunguliwa na serikali dhidi ya wenye ardhi 42 wa mradi wa Tilenga waliokataa fidia wakisema haitoshi, Mahakama Kuu ya Hoima iliruhusu pesa zao ziwekwe mahakamani na ardhi ichukuliwe. Uamuzi ulitoka siku chache tu baada ya kesi kufunguliwa. Je, si kitendo kilekile cha Umar?

Kwa sura, ndiyo. Lakini tuangalie sababu. Imepokewa katika habari za Makka kwamba hoja ya Umar kwa watu wale ilikuwa hii: Kaaba ilikuwepo kabla yao, na wao ndio waliokuja kujenga kwenye uwanja wake. Haikuwa Kaaba iliyowafuata wao. Haki ya Nyumba ilitangulia haki ya majirani. Buliisa mambo yako kinyume. Mkulima na mfugaji walikuwepo, mababu zao wamezikwa pale, na bomba ndilo lililowafuata. Anayetaka kutumia kitendo cha Umar lazima achukue na sababu yake, na sababu hiyo hapa haipo.

Tena kuna msikiti wa pili. Umar huyohuyo alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina, na nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas akakataa. Ibn Saad na wengine wanasimulia kwamba wawili hao walikwenda kuhukumiwa na Ubayy bin Kaab, na Ubayy akampa haki Abbas: Khalifa hakuwa na njia ya kumtoa bila ridhaa yake. Amirul-Muuminin alishindwa kesi, na akakubali. Kisha Abbas, akiwa ameshashinda, akaitoa nyumba ile kuwa sadaka kwa Waislamu.

Nimelitafakari sana tukio hili. Abbas hakubadilika moyo kwa sababu ya bei kupandishwa. Alibadilika baada ya hapana yake kuheshimiwa. Pale ambapo mtu hawezi kusema hapana, ndiyo yake haina uzito, hata ikiandikwa kwa wino mzuri namna gani. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitangulia kuonyesha mfano: kiwanja cha msikiti wake Madina kilikuwa cha mayatima wawili, na imepokewa kwamba walipotaka kukitoa bure, alikataa mpaka akakinunua.

SHARTI LA BEI KWANZA

Wanazuoni wa baadaye walijaribu kuyaweka haya kwenye kanuni. Majalla, mkusanyiko wa sheria za Kiislamu wa dola ya Uthmaniya wa karne ya 19, katika kifungu cha 1216 inaruhusu mali ya mtu kuchukuliwa kwa thamani yake kwa ajili ya njia ya umma kwa amri ya mtawala. Lakini inaweka sharti: haitoki mkononi mwake mpaka alipwe.

Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi kilichoko Jeddah kililijadili jambo hili Februari 1988, katika azimio namba 29. Kiliruhusu kuchukua ardhi kwa maslaha ya umma kwa masharti manne. Fidia iwe ya haraka na ya haki, ikikadiriwa na wataalamu na isipungue bei ya mfano wake. Anayechukua awe mtawala au mwakilishi wake. Iwe kwa dharura ya umma, au haja ya umma inayofikia daraja hiyo, kama misikiti, barabara na madaraja. Na ardhi iliyochukuliwa isigeuzwe kuwa ya uwekezaji, wa umma au wa mtu binafsi, wala isichukuliwe kabla ya wakati wake.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Uganda kinataka fidia ya haki ilipwe haraka, kabla ya ardhi kuchukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo katika kesi ya ardhi ya barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, barabara ya maeneo hayohayo ya mafuta. Kwa hiyo Mwislamu anayedai bei kwanza, shamba baadaye, hapingani na dola yake. Anaikumbusha maneno yake yenyewe.

Sharti la nne la Jeddah ndilo gumu. Bomba ni haja ya umma au ni uwekezaji? Mafuta yaliyo chini ya ardhi, kwa Katiba, yamewekwa mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na hilo lina asili katika dini. Mtume (S.A.W.) aliyarudisha machimbo ya chumvi aliyokuwa amempa Abyad bin Hammal, alipoambiwa kuwa ni kama maji yasiyokatika, kwa kuwa kitu cha namna hiyo ni cha watu wote. Serikali hupata pia mrabaha na kodi, na pesa hizo zikitumiwa vizuri zitajenga hospitali. Lakini asilimia 70 ya hisa za bomba ni za kampuni mbili za nje zinazotafuta faida, na hazina kosa kuitafuta. Basi jambo hili ni la pande mbili. Mimi si mufti, na sitoi fatwa. Ninachosema ni kwamba mradi wa namna hii hauwezi kuvaa kanzu ya msikiti au ya daraja la kijiji. Kadiri sehemu ya uwekezaji inavyokuwa kubwa, ndivyo hoja ya kulazimisha inavyopungua nguvu, na ndivyo haja ya ridhaa ya kweli inavyoongezeka.

Na pale ambapo serikali, baada ya kupima yote, imeamua kulazimisha, basi iseme kwamba imelazimisha. Umar alipobomoa nyumba za Makka hakuandika kwamba wenyewe waliafiki. Kuna tofauti ya kimaadili hapa ambayo si ndogo. Anayelazimisha waziwazi amebeba dhamana yote juu ya shingo yake, na aliyelazimishwa anabaki na haki ya kulalamika. Lakini ukichukua kwa nguvu kisha ukaita ridhaa, umemnyang'anya mtu mara mbili: shamba lake, na malalamiko yake.

WENZETU WA MBALI

Tusidhani haya ni mambo ya nchi maskini peke yake. Alberta, Kanada, hutolewa mafuta kwenye mchanga, na maji machafu ya kazi hiyo huhifadhiwa kwenye mabwawa makubwa. Kwenye mgodi wa Kearl wa kampuni ya Imperial Oil, maji yaliyobadilika rangi yalionekana yakichuruzika Mei 2022. Jamii za wenyeji asilia wa Fort Chipewyan, walio chini ya mto Athabasca, zilikuja kuujua uzito wa jambo hilo Februari 2023, baada ya bwawa jingine kumwaga lita milioni 5.3. Ni miezi tisa watu wakivua na kuwinda kama kawaida. Kanada ina sheria nyingi za kushauriana na jamii hizo. Pamoja na hayo, mashauriano yalionekana kuwa ya siku ya kuanza mradi, si ya siku ya kuharibika. Kwetu ndugu zetu wa Rakai na Kyotera wana haki ya kujua tangu leo: siku bomba likivuja, nani atawapigia simu, na ndani ya saa ngapi?

Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi huu. Viongozi wetu walijibu kwa hasira, na hoja yao ina ukweli: Ulaya ilijengwa kwa makaa ya mawe na mafuta ya watu wengine. Lakini hasira hiyo isitufanye tuchanganye mambo. Haki ya mzee wa Buliisa haikuandikwa Ulaya. Ilikuwepo katika vitabu vyetu kabla ya bunge hilo kuwepo.

WASIOZALIWA

Kuna kundi moja ambalo haliwezi kuitwa mkutanoni wala kutia saini. Ni wale watakaozaliwa baada ya mafuta kuisha. Umar (R.A.) aliwakumbuka. Iraki ilipofunguliwa, wapiganaji walitaka ardhi ya Sawad igawanywe kwao. Yeye alikataa, akatoa hoja kwa Suratul-Hashri kwamba wanaokuja baadaye nao wana fungu. Ardhi ikabaki, na kodi yake ikahudumia vizazi. Uganda ilianzisha Mfuko wa Petroli kwa sheria ya mwaka 2015, na wazo lake liko karibu na hilo. Sisi tutakaokuwa wapiga kura na watumishi tuna wajibu wa kuuliza kila mwaka kilichoingia humo na kilichotoka, maana wenye fungu bado hawana ulimi.

SIKU TUTAKAPOSHIKA KARATASI

Nimalizie na sisi. Siku ambayo mmoja wetu atapewa kazi hiyo, kalamu mfukoni na fomu mkononi, namwomba akumbuke mambo machache. Azungumze na mwenye shamba kwa lugha anayoitumia nyumbani kwake. Asiichanganye karatasi ya nauli na karatasi ya makubaliano. Amuulize na mama wa nyumba, kwa kuwa sheria ya ardhi ya Uganda inataka mwenzi akubali kabla ya ardhi ya familia kuuzwa, na kwa kuwa yeye ndiye anayejua chakula kinatoka kona gani ya shamba. Aseme wazi ni kipi mtu anaweza kukataa na ni kipi serikali imeshaamua. Amwachie nakala. Arudi tena baada ya siku kadhaa, maana hapana nyingi husemwa siku ya pili, wageni wakishaondoka. Na mwajiri akimtaka aandike "waliafiki" pale ambapo watu walihudhuria tu, aandike "walihudhuria".

Neno hilo moja linaweza kumgharimu kazi, nami silichukulii kirahisi, hasa kwa kijana wa Nakivale ambaye mshahara wake unalisha nyumba ya watu tisa. Lakini ushahidi ni amana, na sisi tumesomeshwa maana yake kuliko wengi. Kampuni ina wanasheria, serikali ina mahakama. Mzee aliyekuja mkutanoni kwa miguu hana mwingine ila yule anayeandika alichokisema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki, ailinde mito yetu na mashamba ya watu, na awape viongozi wetu moyo wa kushindwa kesi kama alivyoshindwa Umar. Yaliyo sawa humu yanatoka kwake, na yenye upungufu ni yangu. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.